Fedha za kusomea kondoo na sufu: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa Mombasa

Hapa Mombasa kondoo hukumbukwa zaidi ikikaribia Idi ya Kuchinja. Malori yanashuka kutoka Garissa, Tana River na Kajiado, watu wanapatana bei, na baada ya wiki moja habari imekwisha. Ndiyo maana kijana wa Kisauni au Likoni akisema anataka kusomea ufugaji wa kondoo, swali la kwanza nyumbani huwa ni hili: utawafuga wapi? La pili ni zito zaidi: nani atalipa karo?

Mwongozo huu unajibu hilo la pili, na jibu linaanza na jambo ambalo watu wengi hawaambiwi mapema. Udhamini wenye neno kondoo au sufu ndani ya jina lake ni mchache sana, na mwingi uko Australia na Marekani, ukitolewa kwa wanafunzi ambao tayari wamo katika vyuo vya huko. Ukitafuta mtandaoni kwa maneno hayo peke yake utakata tamaa jioni hiyo hiyo. Fedha zilizo wazi kwa Mkenya zimeandikwa majina mengine: kilimo, mifugo, mabadiliko ya tabianchi, afya ya wanyama, viwanda vya nguo, wanawake katika sayansi. Unaingia kwa mlango huo mpana, na ukishafika ndani unamchagua kondoo.

Hatua ya 1: Amua ni upande gani wa kondoo unaoutaka

Kondoo ni somo zaidi ya moja, na kila somo lina mfadhili wake. Kuna uzalishaji wa wanyama, yaani mbegu, malisho, uzazi na uzito wa nyama. Kuna afya, yaani udaktari wa mifugo na kazi za wasaidizi wake. Kisha kuna sufu yenyewe, ambayo ikishakatwa mgongoni mwa kondoo huwa mali ya kiwanda: inapangwa kwa madaraja, inaoshwa kutolewa mafuta yake, inasokotwa, inafumwa.

Mwanafunzi wa Pwani aanze kwa kujua kwamba kondoo wa kwetu hana sufu ya maana. Kondoo mwekundu wa Kimaasai na yule wa Kisomali mwenye kichwa cheusi wana nywele fupi, nao ndio waliozoea joto letu. Kondoo wa sufu wa Kenya, kama Merino na Corriedale, wako nyanda za juu zenye baridi: Molo, Nyandarua, Timau. Joto la Mombasa na unyevu wake havimfai Merino, na ombi la ufadhili linaloahidi kuleta sufu ya Merino Kwale litakataliwa na msomaji yeyote anayejua kazi yake.

Kwa hiyo ukivutiwa na nyama, minyoo, mbegu au malisho, una maabara nje ya mlango wako, kuanzia Kinango hadi Tana River. Ukivutiwa na sufu, jiandae kusomea bara, na ufikirie uhandisi wa nguo, ambao Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kimeufundisha kwa miaka mingi. Mtu wa nguo anayeijua sufu hupata pia fedha za viwanda, ambazo mtu wa mifugo hazigusi.

Hatua ya 2: Chagua kozi kabla ya kutafuta fedha

Wafadhili wengi hawatoi kitu mpaka wauone waraka wa kuitwa chuoni. Hapa nchini nafasi za serikali hupitia KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo na kozi. Shahada huhitaji wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, diploma C-, na kila kozi ina masharti yake ya masomo. Biolojia na kemia ndizo zinazowafungia wengi mlango.

Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, na mpaka leo ndicho ambacho watu wengi wa mifugo hukitaja kwanza. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kampasi ya Kabete, yenye udaktari wa mifugo na uzalishaji wa wanyama. Karibu na nyumbani kuna Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi, chenye idara za kilimo. Mwanafunzi wa Kilifi anaweza kufanya utafiti wake kwa nauli ya matatu, na nauli hiyo si jambo dogo ukija kupanga bajeti.

Kama alama hazikufika shahada, usiuache mpango. Vyuo vya serikali vya afya ya mifugo, AHITI, vya Kabete, Ndomba na Nyahururu hufundisha kazi hiyo kwa ngazi ya cheti na diploma. Nimeona wazazi wakiidharau njia hii, nami nadhani wanakosea. Mwenye diploma ya afya ya mifugo hupata kazi ya kugusa wanyama mapema, na uzoefu huo ndio unaodaiwa baadaye na wafadhili wa ng'ambo. Hakikisha tu kwamba kozi inatambuliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kwa sababu bila kusajiliwa na bodi hiyo hutaruhusiwa kutibu mnyama wa mtu.

Hatua ya 3: Maliza fedha za nyumbani kwanza

Kwa shahada ya kwanza, ukweli ni kwamba karo nyingi italipwa na Kenya yenyewe. Udhamini wa ng'ambo kwa shahada ya kwanza ni mchache, na wa kondoo ni mchache zaidi.

Tangu 2023 mwanafunzi aliyepangiwa chuo kikuu cha umma na KUCCPS huomba udhamini wa serikali na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kwa pamoja mtandaoni, na kiasi hutegemea hali ya familia yake. Mpango huo umepingwa mahakamani na kufanyiwa marekebisho, kwa hivyo soma tangazo la mwaka wako mwenyewe na usitegemee aliyoyapata jirani yako mwaka juzi. Jaza maelezo ya familia kwa ukweli na kwa ukamilifu. Baba akiwa mvuvi au kuli asiye na mshahara wa mwezi, sema hivyo na ueleze mapato ya msimu. Wengi huacha sehemu hiyo tupu kwa kuona haya, na mfumo hauwezi kukuhurumia kwa jambo ambalo hukulisema.

Mkopo wa HELB kwa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na katika nyumba nyingi za Mombasa neno riba hukatiza mazungumzo. Hilo ni suala la imani na linastahili heshima. Kuna njia inayowafaa wenye msimamo huo: Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, imekuwa tangu miaka ya 1980 na mpango wa masomo kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama wake, na Kenya ni mojawapo. Fedha zake hutolewa kama mkopo usio na riba, na marejesho hukusudiwa kuwasomesha vijana wengine wa jamii hiyo hiyo. Kilimo kimo katika masomo yanayokubaliwa. Ushindani ni mkubwa, basi uliza mapema kupitia taasisi za Kiislamu za hapa mjini, ambazo hupata habari za maombi kabla hazijasambaa.

Kisha kuna basari. Mombasa ina maeneo bunge sita, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, na kila moja lina ofisi ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge. Kaunti nayo ina wadi 30, na fomu za basari ya kaunti kwa kawaida hupitia wadini. Mfuko wa NGAAF ulio chini ya mwakilishi wa wanawake ni wa tatu. Hizi ni ofisi tofauti, fomu tofauti na tarehe tofauti. Kiasi huwa kidogo, na hundi huenda moja kwa moja chuoni, lakini mbili tatu zikijumlishwa hulipa malazi ya muhula. Kabla ya kupanga foleni, uliza kama fomu za mwaka huu zimetoka na kama wanafunzi wa vyuo wamo, maana mara nyingine basari huwa ya sekondari pekee.

Usisahau msikiti, kanisa na chama cha ukoo. Kamati nyingi hutoa zaka au michango kwa mwanafunzi maskini, ila hazitangazi. Nenda na barua ya chuo, muundo wa karo na barua ya chifu, uzungumze na imamu au mzee wa kamati ana kwa ana. Omba kiasi maalumu kwa jambo maalumu. "Naomba msaada wa masomo" ni ombi lisilo na mwisho, lakini "nimepungukiwa na pesa za malazi ya muhula wa pili, na hii hapa risiti ya nilicholipa" ni jambo ambalo kamati inaweza kuliamua siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Jifanye mtu wa kondoo kabla hujaomba fedha za kondoo

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na ndipo mwanafunzi wa Pwani ana mtaji ambao hajaujua.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa mifugo wa kimataifa waliweka kundi la kondoo katika shamba la Diani, kusini mwa Mombasa. Waliwalinganisha kondoo wekundu wa Kimaasai na Dorper, mbegu iliyotengenezwa Afrika Kusini kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo mwenye kichwa cheusi mwenye asili ya Kisomali. Dorper hukua haraka na ana nyama nyingi, kwa hiyo wafugaji walimpenda. Lakini kwenye unyevu wa Pwani, ambako mnyoo uitwao Haemonchus contortus hustawi na kunyonya damu ndani ya tumbo la kondoo, wana wa Dorper walikufa kwa wingi kuliko wale wekundu. Ukihesabu waliobaki hai na uzito wao kwa pamoja, kondoo mwekundu aliyedharauliwa alimzidi mgeni. Utafiti huo umetajwa duniani kote, nao ulifanyika ng'ambo ya feri ya Likoni.

Swali la Diani halijaisha. Wafugaji wa Kwale na Kilifi wanaendelea kuchanganya mbegu, dawa za minyoo zinaendelea kuzoeleka na minyoo wenyewe, na mvua za masika na vuli zinabadilika. Mwanafunzi anayeweza kuuliza swali moja la wazi juu ya hayo ana ombi la utafiti mkononi. Kwa mfano: je, wana wa kondoo chotara wa Kinango hufa zaidi wakati wa masika kuliko wekundu halisi, na je, kumtibu yule aliyeonyesha dalili tu kunaokoa dawa bila kuongeza vifo? Utafiti wa namna hiyo hauhitaji mitambo ya bei. Kuna kadi ya rangi iitwayo FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, ambayo kwayo unafunua ukope wa chini wa kondoo na kulinganisha wekundu wake: ukope mweupe maana yake damu imekwisha. Unaongeza hadubini ya kuhesabu mayai ya minyoo katika gramu ya kinyesi, mizani, na daftari.

Tafuta mafunzo ya nyanjani kulingana na swali lako. KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, lina vituo Mtwapa na Matuga, vyote karibu nasi. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ina makao makuu Nairobi na shamba kubwa la utafiti la Kapiti, katika Kaunti ya Machakos kwenye njia ya Nairobi na Mombasa, ambako kondoo wekundu na Dorper wanafugwa. Ofisi ya mifugo ya kaunti huwa na maafisa wachache na kazi nyingi, na mwanafunzi anayejitokeza kusaidia siku ya chanjo hukumbukwa. Hata soko la mifugo la Mariakani ni darasa: nenda siku ya mnada, uliza kondoo wametoka wapi, wana umri gani, kwa nini huyu amenunuliwa na yule ameachwa. Andika tarehe na majibu. Baada ya miezi michache utakuwa na takwimu zako mwenyewe, na ombi lako litaanza na jambo uliloliona.

Kwa upande wa sufu, Woolmark, shirika la kutangaza sufu, ina mafunzo ya bure mtandaoni kuhusu sufu tangu shambani hadi kiwandani. Maliza hata kozi moja kabla ya kuandika ombi lolote. Utajua kwa nini unene wa unywele wa sufu hupimwa kwa mikroni, kwa nini sufu nyembamba ya Merino huwa ya mavazi na ile nene huishia kwenye mazulia, na hutaandika ombi linalochanganya hizo mbili.

Hatua ya 5: Tafuta profesa mwenye mradi

Kwenye uzamili na uzamifu mambo hugeuka. Fedha nyingi za utafiti hazipewi mwanafunzi moja kwa moja. Hupewa mhadhiri, naye ndiye anayetafuta wanafunzi wa kufanya kazi ya mradi na kuwalipia karo na gharama za nyanjani. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wenye ofisi kuu Kampala, umetoa ruzuku nyingi za aina hii kwa masomo ya kilimo. ILRI nayo huchukua wanafunzi wa uzamili na uzamifu ndani ya miradi yake. Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Kenya umekuwa ukifadhili utafiti wa wanafunzi wa ngazi hizo. DAAD, shirika la Ujerumani lenye ofisi Nairobi, hudhamini Waafrika wasome uzamili au uzamifu katika vyuo vilivyochaguliwa hapa hapa Afrika. Kwa mtu mwenye familia asiyetaka kwenda mbali, huo wa DAAD naupendekeza kuliko mingine yote.

Mwandikie mhadhiri barua pepe fupi. Taja kazi yake moja uliyoisoma kweli, swali lako kwa sentensi mbili, ulichokwisha kukifanya, na ombi moja tu. Kitu kama hiki, kikiandikwa kwa lugha anayoitumia kazini:

"Shikamoo Profesa. Nimesoma utafiti wako kuhusu minyoo ya kondoo katika maeneo yenye unyevu. Nimehitimu shahada ya sayansi ya wanyama, na wakati wa mafunzo ya nyanjani Kwale nilipima ukope na kinyesi cha kondoo 60 katika masika na kiangazi. Tofauti niliyoiona kati ya chotara na wekundu ningependa kuichunguza kwa uzamili. Naomba kujua kama una mradi unaochukua wanafunzi mwaka ujao. Nimeambatisha ukurasa mmoja wa takwimu zangu."

Asipojibu kwa majuma mawili, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha mwandikie mwingine. Wahadhiri hupokea barua nyingi mno, na kimya mara nyingi hakina maana zaidi ya hiyo.

Fuata pia fedha za tabianchi. Kondoo hucheua, na akicheua hutoa gesi ya methani. New Zealand, nchi ya kondoo, imewekeza sana kupima gesi hiyo, na ILRI ina kituo cha Mazingira mjini Nairobi kinachopima gesi za mifugo wa Afrika. Kuna ufadhili uitwao CLIFF-GRADS, unaoungwa mkono na New Zealand, ambao umekuwa ukiwapeleka wanafunzi wa uzamifu kutoka nchi zinazoendelea kwenye taasisi nyingine kwa utafiti wa miezi 4 hadi 6 kuhusu gesi hizo katika kilimo. Mwanafunzi wa kondoo anayejua kueleza malisho yake kwa lugha ya methani hupata milango miwili badala ya mmoja.

Neno kwa mabinti, na kwa wazazi wao. AWARD, shirika lenye makao Nairobi, lilianzishwa kwa ajili ya wanasayansi wanawake wa kilimo Afrika, na husaidia kwa ulezi wa kitaaluma na mafunzo ya uongozi. Wafadhili wengi wanatamka wazi kwamba wanataka wanawake waombe. Kondoo na mbuzi ndio mifugo ambayo mara nyingi huangaliwa na kina mama nyumbani, na mtafiti mwanamke huingia uani na kuuliza maswali ambayo mwanamume hatajibiwa. Liandike hilo katika ombi kama nguvu ya utafiti wako, kwa sababu ndivyo lilivyo.

Hatua ya 6: Ng'ambo

Nchi za sufu zenyewe ni Australia na New Zealand. Udhamini wa serikali ya New Zealand huitwa Manaaki, na umekuwa ukipokea Wakenya kwa masomo ya juu, kilimo kikiwemo. Vyuo vya kuangalia ni Lincoln, kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1878, na Massey. Australia ina Australia Awards, ambayo kwa Afrika hulenga uzamili na kozi fupi; kwa kondoo na sufu, Chuo Kikuu cha New England mjini Armidale kina jina kubwa. Yote miwili hulipa karo, nauli na matumizi, na yote miwili hukutaka urudi nyumbani kwa muda baada ya kumaliza. Orodha za nchi na masomo hubadilika, basi soma masharti ya mwaka husika.

Ukishafika huko ndipo fedha zenye jina la sufu zinapokufungukia. Australian Wool Education Trust hudhamini wanafunzi wa vyuo vya Australia wanaofanya miradi ya kondoo na sufu. Marekani nako, chama cha wafugaji wa kondoo, American Sheep Industry Association, kimekuwa na udhamini wa wanafunzi wa uzamili wanaotafiti kondoo au sufu, na vyama vya majimbo vina vyake vidogo vidogo. Vingi vya majimbo ni kwa wakaazi wa jimbo au watoto wa wanachama, kwa hivyo soma mstari wa sifa kabla ya kitu kingine. Mkenya hufika Marekani kwanza kwa Fulbright, udhamini wa serikali ya Marekani, au kwa nafasi ya msaidizi wa utafiti anayolipwa na idara, kisha akiwa ndani anaziongezea hizi ndogo. Maabara za sufu za kutafuta ni ile ya Chuo Kikuu cha Montana State mjini Bozeman na ile ya Texas A&M mjini San Angelo.

Uingereza ina Chevening kwa uzamili wa mwaka mmoja, ikidai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na maombi hufunguliwa kwa kawaida mwezi wa Agosti. Ina pia udhamini wa Jumuiya ya Madola, ambao una tawi la wasioweza kabisa kujilipia. Ujerumani ina kozi za DAAD za maendeleo, mfano kilimo cha nchi za joto katika Chuo Kikuu cha Hohenheim. Hizi hudai miaka miwili ya kazi na shahada isiyopitwa na miaka sita. Umeona sasa kwa nini nilisema kazi ya mapema ina thamani.

Kwa aliyemaliza sekondari juzi na anataka ng'ambo moja kwa moja, Türkiye Bursları ni ya kujaribu. Uturuki ni nchi ya kondoo, na udhamini wake hulipa karo, malazi, bima, tiketi na mwaka wa kujifunza Kituruki. Kwa shahada ya kwanza lazima uwe chini ya miaka 21, na maombi huwa Januari hadi Februari. Hesabu umri wako leo, si mwaka ujao.

Hatua ya 7: Karatasi

Anza miezi sita kabla. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, cheti cha tabia njema hutoka DCI, idara ya upelelezi, na alama za vidole unaweza kuzitoa Huduma Senta. Jina likitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, KCSE na kitambulisho, lirekebishe au upate kiapo cha wakili sasa hivi. Kwetu ambako mtu ni Mohamed shuleni, Muhammad kwenye pasipoti na Mahmoud nyumbani, jambo hili limewakwamisha wengi walioshinda kila kitu kingine.

Uliza kama chuo kinakubali barua ya kuthibitisha kwamba ulisoma kwa Kiingereza kabla hujalipia mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ambao ni ghali.

Wanaokuandikia barua za mapendekezo wawe watu waliokuona ukifanya kazi. Barua ya afisa wa mifugo wa wadi aliyekuona ukimshika kondoo matopeni ina uzito kuliko ya mkubwa asiyekujua. Mpe kila anayekuandikia wiki tatu, tangazo lenyewe, na nusu ukurasa wa mambo uliyoyafanya naye.

Katika insha, acha habari za ndoto za utotoni. Eleza tatizo moja, mahali moja, ulichofanya, na utakachofanya ukirudi. Ukiulizwa bajeti, igawe: usafiri, sampuli, vifaa, chakula cha nyanjani, malipo ya msaidizi, intaneti. Usiandike jumla isiyo na maelezo, na usipunguze gharama kwa kudhani utapendwa. Mfadhili anayejua kazi akiona bajeti ndogo mno huona utafiti utakwama njiani.

Hatua ya 8: Matapeli

Fulbright, Chevening, Australia Awards, Manaaki na Türkiye Bursları hawatozi ada ya kuomba. Chuo kikuu chenyewe kinaweza kutoza ada ya usajili wa maombi, lakini hulipwa kwa akaunti ya chuo na hutolewa risiti. Mtu anayekutaka utume pesa kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu binafsi ili "akushikie nafasi" ni mwizi, hata akiletwa na shangazi. Anwani ya barua pepe iangalie herufi kwa herufi. Fomu ya bure usimlipe wakala kukujazia. Mpelekee mwalimu wako aisome.

Hatua ya 9: Ukishapata

Soma mkataba wote kabla ya kutia sahihi. Tafuta mambo manne: kama kuna sharti la kurudi na kwa muda gani, kama fedha za kuanzia hulipwa kabla au baada ya kufika, kama mke, mume au watoto wamo, na kinachotokea ukifeli somo moja. Fedha za kuanzia ndizo huwatesa watu, kwa sababu viza, vipimo vya afya na safari za Nairobi hulipwa kabla shilingi ya kwanza haijaingia. Hiyo ndiyo sehemu ya kuomba msaada kwa familia na kamati ya msikiti, ukiwa na barua ya udhamini mkononi.

Mkopo wa HELB wa shahada ya kwanza usiuache ukilala unapoenda uzamili. Wajulishe uko wapi na mpange malipo, maana faini huendelea kujilimbikiza. Na kabla hujakubali chuo cha ng'ambo, thibitisha na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwamba shahada yake itatambuliwa Kenya. Kwa udaktari wa mifugo, waulize pia ile bodi ya madaktari wa mifugo. Pata majibu hayo kwa maandishi na uyahifadhi pamoja na mkataba, kwa kuwa utayatoa tena siku unaporudi kuomba kazi katika kaunti.